Kumsoma Mama Glory kwa Hasira

Kitabu cha Mama Glory nilikirusha mara mbili kabla sijakimaliza. Mara ya kwanza kiliangukia kwenye ungo wa mbaazi alizokuwa anapepeta mke wangu. Mara ya pili kilimpata jogoo, na jogoo yule hana kosa lolote. Nawaambia hili mapema, vijana wa kikundi cha waandishi hapo Bagara, Babati, kwa sababu mliponiomba niwaandikie kuhusu kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, nilijua mnangojea nasaha tamu. Mnataka niwaambie kwamba mwandishi hufurahi mwenzake akitoa kitabu. Hafurahi. Anasoma huku moyo unamuuma, na anayekataa hilo labda ameandika barua za mialiko tu.

Mimi nimeandika hadithi za magazetini, michezo ya redio, vitabu vya kusoma vya shule za msingi, na riwaya chache ambazo wengi wenu mnasema mmezisoma, halafu nikiwauliza zinaishaje mnaanza kukohoa. Lakini sehemu kubwa ya kazi yangu, ambayo hakuna anayeniuliza, ilikuwa ni kusoma. Wachapishaji walikuwa wananiletea miswada ya watu nitoe maoni. Nimesoma mapenzi ya kila aina. Nimesoma wachawi wengi kuliko mnavyoweza kuwafikiria, na wote walikuwa na jicho moja jekundu.

Namna yangu ya kusoma ni hii. Nakaa barazani asubuhi baada ya chai, penseli nimeichomeka sikioni, na mdomo nimeufunga. Hilo la mdomo alinifundisha mhariri wangu wa kwanza kule Arusha, mama mmoja mkali aliyekuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia, "Wewe ukisoma kazi ya mtu huku unaongea, unamsikia nani? Unajisikia mwenyewe." Nilimwelewa, nikakubali, na sijawahi kuweza. Mke wangu anajua ubora wa kitabu kwa kunisikiliza kutoka jikoni. Nikisema "Ehee," kitabu kinakwenda vizuri. Nikisema "Haya sasa," mwandishi ameanza kupotea. Nikinyamaza muda mrefu anakuja kuchungulia kama bado nipo.

Mama Glory mnamfahamu, yule mama wa Nangara mwenye bustani ya mboga karibu na kanisa. Kwao ni Same. Alikuja huku akiwa msichana, ameajiriwa idara ya mifugo, na kwa kuwa watu walikuwa hawajazoea kuona mwanamke kwenye kazi ile, walimwita bwana mifugo hivyo hivyo, na yeye akaitika. Alizunguka na sindano zake mpaka tambarare za Hanang, kwa Wabarbaig wenzangu. Alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wastaafu wengine, akaandika riwaya. Akaniletea nakala mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa cha maua, akasema, "Baba Eliza, wewe ni mkubwa wetu kwenye mambo haya. Soma halafu uniambie ukweli." Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mtu akisema hivyo anataka kila kitu isipokuwa ukweli.

Basi nikaanza kusoma, na kero zikaanza ukurasa wa kwanza. Mlima Kwaraa una ukungu. Nikageuza, Kwaraa bado una ukungu. Nikageuza tena, ukungu umepungua kidogo. Nikasema, "Mama Glory, sote tunakaa hapa, mlima tunauona." Halafu akatokea kiboko ziwani, akapiga miayo, akazama, na mpaka mwisho wa kitabu hatukumwona tena. Kiboko mzima, jamani. Vijana, mnyama mkubwa namna ile akiingia kwenye hadithi lazima afanye kazi. Kama hana kazi, mwacheni majini apumzike.

Lakini lazima niwaambie na jambo lililoniudhi kuliko hayo. Kulikuwa na sehemu anaeleza ng'ombe mgonjwa anavyopumua, jinsi mbavu zinavyopanda na kusita kabla ya kushuka, na jinsi wenye ng'ombe nao wanavyoanza kupumua vile bila kujijua. Niliisoma mara kadhaa nikitafuta kosa. Halikuwepo. Mimi ni mtoto wa mfugaji, nimelala na ndama nikiwa mdogo, na sijawahi kuandika sentensi kama ile. Hapo ndipo kitabu kilipokwenda kwenye ungo wa mbaazi. Mke wangu akauliza, "Ni kibaya?" Nikamwambia, "Hapa ni kizuri." Akakifuta vumbi, akanirudishia.

Hasira ya namna hiyo haina madhara, na nawashauri muwe nayo. Mimi nilipokuwa kijana nilimsoma mwandishi mmoja wa mambo ya Dar es Salaam, wivu ukanipanda, nikaandika riwaya ya Dar bila kufika Dar. Nikamweka shujaa wangu Kariakoo, akapanda mlima mkali mpaka akachoka, akakaa juu ya jiwe akitazama mji wote chini yake. Mhariri wangu alivua miwani, akaicheka karatasi yangu mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniuliza kama Kariakoo hiyo iko Mbulu. Nilikasirika wiki nzima. Kero ya kusoma ikufanye utazame kwako, siyo ukaibe mtaa wa watu.

Sasa tuje kwa jogoo. Katikati ya kitabu kuna sura ya chanjo. Maafisa wanafika kwenye boma la mzee mmoja wa Kibarbaig anayeitwa Mzee Gida. Kuna ng'ombe mwekundu mwenye sikio lililochanika. Bwana mifugo anauliza ng'ombe yule ni wa nani, na mzee anajibu, "Hapana yangu." Ng'ombe amesimama ndani ya boma lake, anamlamba mkono, na mzee anasema, "Hapana yangu. Mimi nachunga tu." Watu wote wanacheka. Mzee anaendelea kukana, ng'ombe anaendelea kumlamba, na kicheko kinaendelea ukurasa mzima, maana Mama Glory akipata kichekesho hakiachi mpaka kiishiwe maziwa. Kisha mzee anaingia ndani ya nyumba kwa mkewe, anakaa, anasema, "Mama, wewe leta ile maziwa, mimi nasikia njaa mbaya."

Nilisoma mstari huo mara mbili, halafu nikamtafuta jogoo.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu kosa hili ni letu sisi waandishi wa huku bara, na kila mwaka nakutana nalo. Mzee anayekwenda sokoni Babati na kuongea Kiswahili kilichovunjika, anakivunja sokoni. Akirudi nyumbani kwake haongei Kiswahili na mkewe. Anaongea lugha yake, na katika lugha yake hajikwai. Pengine ni msemaji ambaye vijana wanatembea nusu siku kwenda kumsikiliza. Ukimwandika yuko ndani kwake, na mkewe, halafu ukampa Kiswahili kile kile cha sokoni, umemfanya mjinga kwenye nyumba yake mwenyewe. Mpe Kiswahili kizima. Msomaji ataelewa kwamba umemtafsiri. Cha kuvunjika kiache getini, kwa afisa.

Hilo peke yake lingetosha kuniharibia asubuhi. Lakini mimi yule ng'ombe mwekundu nilimjua. Nililijua na lile sikio, maana mbwa wetu ndiye aliyelichana. Mzee Gida ni baba yangu.

Siku ile ya chanjo sikuwepo, nilikuwa Arusha kwenye kazi ya gazeti. Dada yangu Mama Paulo, ambaye sasa anakaa Singe, alikuwepo, naye ndiye aliyetueleza. Kwetu, binti akiolewa baba yake humpa ng'ombe, na ng'ombe hao na uzao wao ni mali ya yule mwanamke na watoto wake. Mume huwachunga. Hawezi kumuuza mmoja wao, wala kumchinja, wala kumruhusu mgeni amguse, bila neno la mwenyewe. Yule mwekundu alikuwa wa mama. Baba alijaribu kwanza kwa Kiswahili chake, wakacheka. Ndipo akageuka, akazungumza kwa lugha yetu, kwa utulivu, akaeleza mpaka mwisho. Kijana wa ofisi ya kijiji aliyekuwa mkalimani akawageuzia wageni kwa kifupi, "Anasema siyo wake." Wakacheka tena. Baba hakusema uongo hata neno moja, na alichekwa kwa kuheshimu mali ya mkewe.

Ningeweza kumeza hasira hiyo kimyakimya kama ningekuwa mtu wa kukaa ndani. Bahati mbaya nikatoka. Kitabu kilikuwa kimeuzwa vizuri pale mjini, watu wamesomeana, na sura ile ndiyo waliyoipenda. Nikafika stendi nikitafuta bodaboda, nikamsikia mmoja anamwuliza mwenzake, "Oya, hii helmeti ya nani?" Mwenzake akajibu, "Hapana yangu. Mimi nachunga tu." Kijiwe kizima kikaanguka kicheko. Yule wa helmeti akaniona, akaniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo mzee, twende wapi?" Nikasema marahaba, nikaenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nafikiria kwamba baba yangu hana picha hata moja. Hakuandikwa mahali pengine popote. Atakachobaki nacho katika mji huu ni helmeti.

Nikafika Nangara jasho linanitoka. Mama Glory alikuwa anamwagilia mchicha.

"Karibu Baba Eliza. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na umekuja na uso huo?"

Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Ndoo ilijaa ikamwagika, hakufunga bomba. Nilipomaliza akasema, "Mimi niliandika nilichosikia."

"Ulisikia Kiswahili chake."

"Sasa ningesikia nini kingine? Wewe ulikuwa Arusha na mkalimani akanipa maneno matatu." Akafunga bomba kwa nguvu. "Kwa hiyo tulimcheka bure."

"Bure kabisa."

"Tulicheka mpaka kwenye gari. Na mimi ofisini nikaripoti kwamba mzee amekataa chanjo." Akaniangalia. "Yule ng'ombe aliponaje?"

"Hakupona. Alikufa masika yale yale."

Akakaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa. Nilimwona anahuzunika, na kwa kweli nilifurahi kidogo, kisha nikajionea aibu. Lakini Mama Glory hakai na huzuni muda mrefu. Akainua kichwa akasema riwaya siyo kesi ya ardhi kwamba kila mwenye ndugu aje kudai mipaka. Nikamwambia kama siyo kesi basi angemwita mzee wake jina lolote na kumpa ng'ombe mweusi. Akasema ng'ombe mweusi asingependeza. Tukabishana pale mchichani kama watoto. Mwishowe akasema wachapishaji wanataka kukirudia kitabu, na wamemruhusu kufanya masahihisho.

"Wewe si fundi? Andika alichosema mzee. Andika vizuri, nitaangalia."

"Utaangalia nini? Nitakuletea, utaweka."

"Kitabu changu, Baba Eliza. Nitaangalia."

Nikarudi nyumbani nikijiona nimeshinda. Nikanoa penseli. Vijana, sijawahi kuteseka na kurasa kama zile. Maneno ya baba nilikuwa nayo kichwani kwa lugha yetu, kama Mama Paulo alivyotueleza. Nilipoyaweka kwa Kiswahili, baba akatoka kama katekista anayefungua ibada. Nikafuta. Akatoka kama mbunge. Nikafuta. Nikajaribu kumrahisisha, akawa mtoto wa darasa la nne kwenye kitabu cha kusoma, na vitabu vile niliviandika mwenyewe, naijua sauti yake. Nikamlaumu Mama Glory, nikalaumu Kiswahili, nikamlaumu mke wangu kwa kupiga kelele za sufuria wakati hakuna sufuria iliyokuwa jikoni. Ilibidi niende Singe, nikamwomba Mama Paulo aseme tena. Akasema, akishangaa kwa nini mtu mzima hakumbuki maneno ya baba yake. Niligundua kwamba baba hakuwa amesema lolote kubwa. Alieleza tu ng'ombe alikotoka. Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha joho.

Nikaandika kurasa nne. Baba akasema, akaeleza ukoo wa ng'ombe, akaeleza siku ya harusi, akatoa na mausia kwa vizazi vijavyo. Niliona ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikampelekea Mama Glory, akashukuru, na sikusikia tena kitu mpaka kitabu kilipotoka upya, akamtuma mtu aniletee.

Nilikifungua nikiwa nimesimama mlangoni. "Hapana yangu" ilikuwepo pale pale. Kicheko kilikuwepo. Zile kurasa zangu nne zilikuwa zimebaki hivi:

Mzee akawageukia watu wake, akasema kwa lugha yake: "Ng'ombe huyu hakuja kwangu. Alikuja na mke wangu, akimfuata nyuma, siku baba yake alipomtoa nyumbani. Mimi namchunga. Mwenye neno ni yeye, na amesimama hapo. Mwulizeni."

Basi. Mausia yangu hayakuwepo. Harusi haikuwepo. Angalau na yale maziwa ya Kiswahili cha sokoni yalikuwa yametolewa. Nikampigia simu kabla sijakaa.

"Mama Glory, umenichinja."

"Nimekupunguza mafuta."

"Na kile kichekesho umekiacha."

"Nimekiacha makusudi. Wacha wacheke, halafu wageuze ukurasa. Kule mbele wakutane naye. Wakishakutana naye, sijui kama watarudi kucheka."

Nikakata simu nikiwa na hasira. Nikasoma tena ile mistari. Nikatafuta mahali pa kurudisha hata sentensi moja ya kwangu, na kila nilipoiingiza, baba aliondoka, akaingia katekista. Bwana mifugo yule, ambaye hajawahi kuhariri hata tangazo la msiba, alikuwa amemkata vizuri. Mkiona mtu amekata kazi yenu na mkashindwa kuirudisha, mshukuruni, hata kama meno mmeyauma. Mimi nilimshukuru baada ya siku kadhaa, kwa ujumbe mfupi wa simu, akanijibu kwa kidole gumba.

Nikaona haifai dada yangu asisikie. Mama Paulo hajui kusoma, na Kiswahili anakijua cha kununulia chumvi, kwa hiyo nilikwenda Singe na kitabu kwapani nikawa nasoma na kumgeuzia kwa lugha yetu. Alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi. Nikamsomea sura yote, na kicheko chake chote. Hakucheka. Nilipofika kwenye maneno ya baba niliyasoma polepole. Alikuwa ni baba kabisa. Nilipomaliza nikafunga kitabu, nikamngojea aseme kitu.

Mama Paulo aliendelea na hindi lake mpaka likabaki gunzi, akaliweka pembeni.

"Na mama akasema nini?"

Nikamwambia sura inaishia hapo. Baada ya hapo maafisa wanaondoka.

"Baba anasema mwulizeni, halafu inaisha?"

"Inaisha."

"Miezi yote hii mnagombana, wewe na yule mama, ni maneno ya baba tu." Alikuwa amekasirika sasa, na dada yangu akikasirika sauti yake inashuka. "Kwa hiyo na ninyi hamkumwuliza."

Katika kurasa zangu nne, mama hakuwemo hata mara moja, isipokuwa kama mtu aliyekuja na ng'ombe. Nikamwuliza Mama Paulo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mama alisema nini.

"Aseme nini, na nani alimwuliza?" Akachukua hindi lingine. "Alikuwa ameshamshika yule ng'ombe pembe, amempindisha shingo tayari kwa sindano. Akasimama hivyo hivyo mpaka gari likaondoka."